Mjue Nzi wa Embe Kabla Hujanunua Dawa

Embe inaonekana safi, ukiikata funza wamejaa. Wakulima wengi wa Chanika na Kigamboni wakiona hivyo hukimbilia duka la pembejeo. Swali la muuzaji huwa ni una hela kiasi gani, wakati la kuulizwa kwanza ni nzi gani.

Kwenye miembe yetu wapo wawili wanaosumbua zaidi. Bactrocera dorsalis ana kifua cheusi chenye mistari ya njano pembeni, tumbo lenye alama nyeusi ya herufi T, na mabawa maangavu. Ceratitis cosyra, mwenyeji wa Afrika, ana rangi ya njano, madoa meusi kifuani na michirizi ya kahawia kwenye mabawa. Tofauti hii ina gharama: mtego wa methili eujenoli, kemikali ambayo harufu yake huwavuta nzi madume, huwanasa madume wa dorsalis, lakini cosyra hana habari nao. Utauona mtupu udhani shamba ni salama.

Usichanganywe na vijitabu vya zamani vinavyomtaja Bactrocera invadens. Nzi huyo alionekana pwani ya Kenya mwaka 2003, akapewa jina hilo 2005 kama spishi mpya. Wataalamu walipolinganisha maumbo, vinasaba, harufu na uwezo wake wa kuzaana na dorsalis wa Asia, mwaka 2015 walikubaliana kuwa ni dorsalis yuleyule aliyeelezwa tangu 1912. Kwa kanuni za kutaja wanyama, jina lililotangulia kuchapishwa ndilo hubaki. Basi ushauri ulioandikwa kwa invadens bado unafaa.

Funza wenyewe hawatambuliki kwa macho. Hata mtaalamu atakuomba nzi aliyekomaa. Weka embe zilizoharibika kwenye ndoo yenye mchanga mkavu kiasi, funika kwa chandarua. Funza watajichimbia humo wawe pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda kabla ya kuwa nzi, na baada ya wiki moja hadi mbili nzi watatoka. Hapa ndipo haraka huharibu kazi: nzi aliyetoka leo bado amepauka, alama hazijakolea. Mpe pamba yenye maji ya sukari kwa siku tatu au nne, kisha mtumbukize kwenye spiriti.

Mpelekee afisa ugani wa kata pamoja na kikaratasi chenye tarehe, mahali na aina ya embe. Kiandike kwa penseli na ukitie ndani ya chupa. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.