Jinsi ya Kumrudisha Mwalimu wa Ufundi Gereji

Mwalimu wa ufundi huchakaa upande mmoja. Ualimu wake hukomaa kadiri anavyokaa darasani, ilhali ufundi wake hubaki pale alipouacha siku alipovua overoli. Katika vyuo vya ufundi stadi vya Tanzania si ajabu kukuta injini ya kabureta ikifundishiwa kwenye karakana, wakati magari yanayoingia gereji ya jirani yanaendeshwa na kompyuta na sensa.

Mkuu wa idara anayetaka kuziba pengo hilo asianze na semina. Aanze na kadi za kazi, yaani karatasi ambazo gereji huandikia kila kazi inayopokea. Aende na mwalimu kwenye gereji mbili au tatu, aombe kuona kazi zilizopokelewa mwezi uliopita, kisha azilinganishe na mazoezi yanayofanyika chuoni. Kazi inayojirudia gereji bila kuwamo kwenye mazoezi ndiyo ya kushughulikiwa. Wanafunzi waliotoka mafunzo ya viwandani nao waulizwe, kwa maana wao huliona pengo mapema, ila adabu huwazuia kumwambia mwalimu wao.

Lichaguliwe pengo moja tu, na mwalimu apelekwe gereji wakati wa likizo kwa siku zisizopungua 10 za kazi, mfululizo. Ziara ya Jumamosi haitoshi, kwa sababu gari lililoingia Jumatatu huenda kosa lake likapatikana Alhamisi, na kinachotafutwa ni namna fundi anavyofikiri katika siku hizo za katikati.

Tuchukue mfano wa gari ambalo taa ya injini imewaka na mashine ya kupimia inaonyesha kodi (namba ya hitilafu) P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kupita kiasi ikilinganishwa na petroli. Aliyeisoma kodi hiyo vitabuni hukimbilia kubadilisha sensa ya oksijeni. Fundi mzoefu hutazama kwanza kiasi cha petroli ambacho kompyuta inaongeza gari likiwa kwenye silensa, yaani likinguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha hupandisha injini hadi mizunguko kama 2,500 kwa dakika. Nyongeza ikishuka, hushuku mpira wa kupitishia hewa ya injini uliopasuka. Ikizidi kupanda, huigeukia pampu ya mafuta au sensa ya hewa. Mwalimu asipoondoka na uamuzi wa namna hiyo kwenye daftari lake, ameondoka na cheti cha mahudhurio tu.

Kabla hajaripoti, chuo na gereji viandikiane barua inayotaja saa za kazi, vifaa vya kujikinga, bima, na jina la fundi atakayemsimamia. Mwalimu aende kama msaidizi, wala si mgeni wa kukaribishwa kiti. Fundi mwenye miaka 25 anaweza kuwa ndiye bosi wake kwa wiki mbili, na jambo hilo lizungumzwe mapema kwani huwauma wengi. Gereji nayo ipate chake: mafundi wengi hodari hawana cheti, na mwalimu anaweza kuwaandaa kwa tathmini ya urasimishaji ujuzi, yaani kupimwa na kutambuliwa kwa ujuzi uliopatikana kazini, inayosimamiwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi.

Katika majokofu na viyoyozi utaratibu ni huohuo, ila usalama una uzito zaidi. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zinatakiwa kukomesha matumizi ya gesi za kupozea za kundi la R22 ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Miongoni mwa gesi zinazochukua nafasi hiyo ni R290, ambayo ni propani na inawaka. Mwalimu aliyezoea R22 asiiguse kabla hajasimamiwa na fundi aliyekwisha kuizoea.

Mwalimu akirudi, apewe wiki mbili kuandika zoezi moja jipya na kulifundisha mbele ya wenzake wa idara, huku kosa likitegwa kwa makusudi: mpira mmoja wa hewa unalegezwa, wanafunzi wanaachiwa mashine na karatasi ya kuandika tarakimu. Injini ya kisasa ya kufundishia ikikosekana, litumike gari la chuo, ambalo mara nyingi taa yake ya injini inawaka tayari.