Somo: Kwenda Mlalo na kurudi Lushoto siku hiyohiyo

Wakuu, swali la kwenda Mlalo, mji mdogo wa milima ya Usambara, na kurudi Lushoto siku hiyohiyo limenijaa inboksi. Naandika mara moja, someni.

1. Lala Lushoto. Ukitoka Dar unashuka Mombo, kisha kilomita 33 za lami na kona.

2. Beba sweta na koti la mvua.

3. Usafiri. Soma taratibu, mimi hapa niliumbuka. Mabasi ya Mlalo yanalala Mlalo. Yanashuka Lushoto kuanzia saa 11 alfajiri, yanapandisha watu mchana. Yamepangwa kwa ajili ya mwanakijiji anayekwenda mjini. Nilipanda la mchana, nikazunguka na kamera, jioni nikaenda stendi kusubiri la kurudi. Konda alikuwa anabandua matope kwenye tairi kwa kijiti. "Kaka, hili mpaka alfajiri." Mvua ilikuwa imenyesha, na ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni, bodaboda wawili wakakataa. Nikalala gesti, sina hata nguo ya kubadili. Kwa hiyo kodi bodaboda ya kwenda na kurudi, uondoke saa 1 asubuhi. Bei na saa ya kugeuza mkubaliane kabla ya kupanda, nusu ya hela ibaki kwako. Dereva akisema "nitarudi kukuchukua", KATAA. Wingu likifunga, geuzeni.

4. Mji wa Mlalo uko bondeni. Tazama nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao, kisha nenda kanisani. Wamisionari Wajerumani walianza kituo hapo 1891, wakakiita Hohenfriedeberg.

MASWALI

— Mkuu, saa 10 jioni nitapata basi la kurudi?
Namba 3.

— Weka basi namba ya bodaboda wako.
Siweki namba ya mtu hapa. Stendi wapo.

— Kabla ya Wajerumani nani alitawala huko?
Swali zuri. Wakilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, na makao yao makuu yalikuwa Vugha. Mfalme wao Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka huko hadi alipofariki 1862. Ukikutana na mzee, msalimie kwa Kisambaa, "onga mshi", umwombe akusimulie habari za Mbegha, mwanzilishi wa ukoo huo, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu akawaua nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya Wasambaa. Tenga saa nzima. Vugha nayo ipe siku yake, unapitia Soni.

— Nyongeza: mkipita msitu wa Magamba asubuhi, angalieni juu ya miti, kuna mbega.
Kweli kabisa. Mwambie dereva azime injini, mkae kimya kidogo.