Jinsi ya kufunga mashine ya bakapu kwenye raki, kwa ofisi za hapa Tanga

Wakuu, naandika hii kwa ajili ya mafundi na watu wa IT wa ofisi za hapa Tanga, SACCOS, zahanati, shule, kampuni za kutoa mizigo bandarini, ambao bosi ameshakubali kununua mashine ya bakapu (ya kutunza nakala za akiba za data) ya kufunga kwenye raki na sasa boksi limefika, limekaa pale mapokezi, kila mtu anakuangalia wewe. Usikimbilie kuwasha. Kwa mji wetu huu kazi kubwa iko kwenye umeme, hewa ya chumba na kujaribu kurudisha data, ile ya kubonyezabonyeza kwenye skrini ni ndogo tu na mashine nyingi zinakuongoza zenyewe.

Cha kwanza pima raki. Upana ni ule ule wa inchi 19 na kimo kinahesabiwa kwa U, U moja ni inchi 1.75 yaani milimita 44.45, hiyo wengi mnaijua. Kinachosumbua ni kina. Lile kabati la ukutani walilofunga watu wa mtandao kwa ajili ya swichi na ruta mara nyingi lina kina cha milimita 450 au 600, na mashine ya U 2 yenye diski 8 au 12 inaweza kufika milimita 700 afu bado nyuma kuna waya zinahitaji nafasi ya kujikunja. Haiingii, na hata ikiingia kwa kulazimisha ukuta unabeba uzito ambao haukupangwa. Tafuta raki ya kusimama chini yenye kina cha milimita 800 au 1000, iwe na nguzo nne, maana reli za mashine hizi zinashika mbele na nyuma.

Halafu chumba. Kama ofisi yako iko Raskazone au popote upepo wa bahari unapoingia moja kwa moja, madirisha ya chumba hicho yafungwe moja kwa moja na uzibe mianya, ile chumvi ya hewani inakula viunganishi vya waya na mapanga ya feni taratibu huku huoni. Usiweke raki chini ya kiyoyozi, siku bomba la kutoa maji likiziba maji yanadondokea kwenye mashine. Na kiyoyozi usikiweke nyuzi 16 kama wengi wanavyopenda, weka 22 hadi 24 inatosha kabisa, kwa sababu chuma kikipoa sana, umeme ukakatika na mtu akaacha mlango wazi, joto lenye unyevu la nje likigusa chuma kile linatoa majijasho. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, hili unaliona kwa macho. Weka kipimajoto cha bei ndogo mbele ya raki, usisubiri mashine ikulalamikie.

Sasa umeme, hapa naomba msome polepole. Umeme wetu ni voti 230 na hezi 50 kwenye makaratasi, ila unakatika, unarudi kwa kishindo, na muda mwingine unashuka taa zinafifia. Mashine ya bakapu ikizimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuharibu kile ulichonunua ikilinde. Kwa hiyo UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, ni lazima, na kama bajeti inaruhusu chukua ile ya onlaini ambayo muda wote inatengeneza umeme wake yenyewe, sio ile inayosubiri umeme ukatike ndo iruke. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hiyo hata siku moja, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo.

Kabla ya kuchomeka chochote muite fundi umeme apime ethi, yaani ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Nyumba nyingi za zamani za mjini kule Ngamiani na Chumbageni waya wa ethi upo kwenye soketi lakini ukiufuata haufiki popote, au ile fimbo iliyochomekwa ardhini imeshaoza. Bila ethi ya kweli vile vizuia-mshtuko vya kwenye UPS vinakuwa havina pa kuutupa umeme uliozidi. Hii kazi haichukui muda na fundi mwenye kipimo anakupa jibu siku hiyo hiyo.

Mashine nyingi za raki zina pawasaplai mbili. Moja ipeleke UPS hii, nyingine ipeleke UPS ya pili, au kama huna basi laini nyingine yenye stebilaiza. Kuchomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja ni kupoteza faida yote ya kuwa nazo mbili. Angalia pia waya zilizokuja kwenye boksi, muda mwingine zina plagi za Marekani au Ulaya, na watu wanabandika adapta ya dukani inayolegea. Nunua waya mpya zenye plagi ya pini tatu bapa na fyuzi yake, zinapatikana.

Kufunga kwenyewe ni watu wawili, na hapo sibembelezi mtu. Ikijaa diski inaweza kuvuka kilo 25. Chomoa diski zote kwanza, na kila moja ibandike namba ya tundu lake, kwa sababu kama imekuja imeshapangwa kiwandani inabidi zirudi pale pale zilipokuwa. UPS inakaa chini kabisa ya raki, mashine ya bakapu inafuata juu yake, swichi na vitu vyepesi vinakaa juu, ukigeuza raki inakuwa nzito kichwani na siku ukivuta mashine nje kwenye reli raki nzima inakuja na wewe. Nati za kubana kwenye matundu ya mraba ziweke kwenye urefu sawa mbele na nyuma, hesabu matundu, matatu ni U moja, afu tumia pima maji. Reli ikipinda kidogo tu mashine inakwama njiani huku mmeibeba mikononi. Ikishakaa, kaza skrubu za masikio ya mbele, rudisha diski, na hakikisha uso wa mashine unavuta hewa ya baridi na mgongo unatoa joto kwenye nafasi wazi, sio kwenye ukuta.

Waya za mtandao. Utakuta tundu moja la kusimamia mashine yenyewe na mengine mawili au manne ya data. Lile la kusimamia liweke kwenye VLAN yake, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi, wafanyakazi wa kawaida wasilifikie. Toa IP ya kudumu, andika na namba ya siriali pembeni. Ukiingia kwenye brauza mara ya kwanza badili pasiwedi ya kiwandani hapo hapo, sasisha fimweya (programu ya ndani ya mashine), halafu weka saa: kanda ya Dar es Salaam, saa 3 mbele ya UTC, na iwe inajirekebisha kwa seva ya NTP, ile inayotoa saa sahihi kwenye mtandao. Saa ikiwa mbovu ratiba zinaharibika na zile namba za siri za tarakimu sita za kuingilia, zinazobadilika kwenye simu, zinakataa. Na hapa kuna mtego, mkurugenzi akikwambia bakapu ianze saa mbili usiku anamaanisha 20:00, we ukiandika 02:00 hiyo ni saa nane usiku, kwa hiyo kubalianeni kwa saa za mashine na muandike.

Kwenye diski chagua RAID 6, mpangilio unaounganisha diski zote na kutenga nafasi ya diski mbili kwa kinga, kama una diski 6 na kuendelea. Diski 8 za TB 8 kwa RAID 6 unapata TB 48 za kutumia, na skrini inaweza kukuonyesha kama 43.6 kwa sababu inahesabu kwa kipimo kingine, hujaibiwa. Zinaweza kufa diski mbili na data bado ikawepo. Ila RAID peke yake sio bakapu, mtu akifuta faili limefutika kwenye diski zote nane kwa pamoja.

Kabla hujaweka data hata moja, fanya uharibifu wa makusudi, huu ndo wakati wake. Weka anwani ya barua pepe ya tahadhari, halafu chomoa diski moja, angalia kama imelia na kama barua imefika, irudishe uone inavyojijenga upya. Chomoa waya mmoja wa umeme. Mwisho zima breka kuu ya chumba, subiri UPS ikaribie kuisha uone kama mashine inajizima yenyewe kwa utaratibu, na hii inategemea ule waya wa USB au wa mtandao kati ya UPS na mashine, ambao watu wengi wanauacha ndani ya boksi. Mashine isiyojizima yenyewe bado hujamaliza kuifunga.

Kuhusu usalama. Mashine ya bakapu isiingizwe kwenye domeni ya ofisi (ule mfumo mmoja unaosimamia akaunti zote), iwe na akaunti zake na pasiwedi zake ambazo hazifanani na za seva. Virusi vya kudai fidia vikishika akaunti ya admini wa ofisi kitu cha kwanza vinachotafuta ni bakapu, na WannaCry ya Mei 2017 ilisambaa kupitia huduma ile ile ya kushea mafaili ya Windows tunayoitumia kila siku. Funga milango yote ya mtandao bakisha ile ambayo seva zinahitaji, ukurasa wa kusimamia usiuweke wazi intaneti, ukiwa nje ingia kwa VPN, ile njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi. Kama mashine ina uwezo wa kufunga nakala zisifutike kwa muda fulani hata na admini, washa, siku 14 au 30, ni kinga kubwa kuliko zote nilizotaja. Washa na enkripsheni, ile inayofanya data isisomeke bila ufunguo, hasa zahanati na SACCOS, mnabeba taarifa za watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Ufunguo wa enkripsheni uchapishe kwenye karatasi, nakala mbili, kwa watu wawili tofauti, nje ya jengo hilo. Ukipotea hakuna fundi wa kukusaidia.

Sasa kazi za bakapu zenyewe. Kosa ninaloliona sana ni kunakili faili la databesi likiwa linatumika, kila usiku ripoti inasema imefaulu na nakala zote ni mbovu. Kama mfumo wenu unatumia MySQL, toa dampu kwanza, yaani faili lenye databesi nzima, ndo ichukuliwe, kama ni SQL Server tumia bakapu yake yenyewe au ejenti inayoelewa VSS, huduma ya Windows ya kunakili faili likiwa linatumika bila kuliharibu. Bakapu kamili ya kwanza ianzie Ijumaa jioni. Kwa mtandao wa gigabaiti... hapana, wa gigabiti 1, kwa kweli unapata kama MB 110 kwa sekunde, TB 4 zinachukua masaa 10 hivi. Baada ya hapo kila usiku inachukua mabadiliko tu. Weka za kila siku kwa wiki mbili, za kila wiki kwa miezi mitatu, za kila mwezi kwa mwaka au zaidi kutegemea wahasibu wanataka nini.

Lakini nakala zote zikiwa kwenye jengo moja, moto mmoja au mafuriko ya masika yanachukua seva na bakapu pamoja. Kama mna tawi Muheza au Korogwe weka mashine ndogo kule ipokee nakala. TB zile 4 ukizipitisha kwenye intaneti ya Mbps 20 ni siku 18 na zaidi laini isipokatika hata dakika, kwa hiyo mashine ya pili ijaze hapa hapa Tanga kwenye mtandao wa ndani, ikiwa imefungwa kwa enkripsheni, afu ibebe kwenye gari ukaiwashe kule, kinachopita kwenye laini kinabaki mabadiliko ya siku tu. Ukiamua kupeleka kwenye seva za nje ya nchi, soma kwanza ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inasemaje kuhusu kusafirisha taarifa za watu.

Halafu rudisha data. Kila mwezi chagua faili moja uliloombwa na mtu wa idara, sio ulilochagua wewe, lirudishe mahali pengine mlifungue pamoja. Kila miezi mitatu rudisha seva nzima kwenye kompyuta ya pembeni isiyo kwenye mtandao wa ofisi, wahasibu waingie kwenye mfumo waangalie salio la jana. Andika ilichukua masaa mangapi, hiyo ndo namba ya kumpa bosi akiuliza tukipata janga tutarudi lini.

Kuna siku taa ya rangi ya chungwa itawaka kwenye diski. Usivute kwa kuangalia taa tu, ingia kwenye skrini, soma siriali ya diski iliyokufa, linganisha na orodha uliyoandika siku ya kufunga ndo uvute, na diski ya akiba iwe imeshanunuliwa ipo kabatini, maana kuagiza kutoka Dar mpaka ifike hapa ni muda ambao mashine inaishi kwa kinga pungufu.