Mkifuata mzigo Guangzhou, kawaoneni panda

Mashoga zangu wa Ngamiani, mkisubiri kiwanda kimalize oda msijifungie hotelini. Nendeni bustani ya wanyama ya Chimelong Safari Park, kule Panyu, na mtenge siku nzima. Si pa waja leo waondoka leo.

Kutoka Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi, chukueni metro Laini ya 5. Mtapita kituo kiitwacho Zoo. Msishuke! Hiyo ni bustani nyingine ya wanyama. Shukeni Zhujiang New Town, hamieni Laini ya 3 ya kusini hadi Hanxi Changlong. Pasipoti iwe mkobani.

Anzeni na panda, asubuhi. Akishashiba mianzi hulala fofofo, na mkichelewa mtatazama mgongo tu. Hapo ndipo walipozaliwa, Julai 2014, Meng Meng, Shuai Shuai na Ku Ku, mapacha watatu wa kwanza wa panda kujulikana kuishi wote.

Halafu simbamarara weupe, halafu koala. Twiga mimi nawaruka, mbuga yetu ya Saadani si hapo tu? Vaeni raba. Na kwa sisi tusiokula nguruwe, chakula bebeni chenu.