Somo: objekti zisiwe waja leo, waondoka leo

Wakuu, mwenye kukodisha baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, hanunui mpya kila anapokuja mteja. Anazo kumi, zinatoka na kurudi. Ruwaza ya leo, yaani mtindo wa kupanga programu, ndiyo hiyo (object pool): objekti, yaani vitu ambavyo programu huunda na kuvitumia, zinaazimwa na kurudishwa. Mimi naiita banda. Katika zile ruwaza 23 maarufu za kitabu cha Design Patterns cha mwaka 1994 haimo, ila kazini naitumia kuliko nyingi zilizomo.

Hatua ya 1. Jiulize kama objekti ni ghali kuunda. Muunganisho wa kanzidata ni ghali: PostgreSQL, programu ya kanzidata, huanzisha prosesi nzima kwa kila mmoja. Objekti ya jina na simu ya mteja? Unda, tupa, endelea.

Hatua ya 2. Jenga banda (Python):

class Banda:
    def __init__(self, tengeneza, idadi):
        self.huru = [tengeneza() for _ in range(idadi)]
    def azima(self):
        return self.huru.pop()
    def rudisha(self, kitu):
        kitu.safisha()
        self.huru.append(kitu)

Huo mstari wa safisha usiuruke. Juzi nilikodi baiskeli barabara ya 12, kiti kimepandishwa kwa jitu refu, nikaning'inia kama mtoto. Kwenye mfumo wangu wa tiketi niliusahau, abiria akapewa risiti yenye jina la mwenzake. Nilitukanwa, na haki yao.

Hatua ya 3. Rudisha hata mambo yakiharibika:

k = banda.azima()
try:
    uza_tiketi(k)
finally:
    banda.rudisha(k)

MASWALI

— Mkuu, banda likiwa tupu?
Hapo pop inalipua kosa. Tumia queue.Queue badala ya orodha, mteja asubiri kwa get(timeout=5). Inafaa pia nyuzi (threads, kazi zinazokwenda sambamba ndani ya programu) zikiwa nyingi.

— Si niongeze tu miunganisho?
PostgreSQL ukiiacha ilivyo inaruhusu 100, na 3 zimetengwa kwa msimamizi. Wa 98 anafungiwa mlango.

— Kaka, ile ya kugawana objekti moja watu wote ndiyo hii?
Hapana. Ile (flyweight) ni kama ratiba ubaoni stendi ya Kange: wote mnaisoma kwa pamoja, hakuna anayeifuta. Ndivyo lugha ya Java inavyofanya kwa Integer.valueOf, namba kuanzia -128 hadi 127. Baiskeli ina mpandaji mmoja kwa wakati.

— Mwalimu, nimefuata yote, bado wateja wawili wanapewa objekti ileile.
Umerudisha mara mbili. Chungulia ndani ya uza_tiketi.

— Ipo. Mstari wa 41. Nisameheni.