Mambo ya kuzingatia kabla ya kuzamia mwamba wa matumbawe

Mwamba wenye kina cha mita 18 hadi 25 humfaa mzamiaji aliyekwisha kupata cheti cha pili, ila cheti hakisemi mara ya mwisho ulizama lini. Ikiwa imepita miezi sita, anza na mazoezi penye mchanga, mbali na matumbawe.

Wengi hukosea kwenye uzito. Mwenye risasi nyingi kiunoni (vipande vya madini vinavyomsaidia mzamiaji kushuka) hulazimika kujaza hewa jaketi lake la kuelea ili asididimie. Miguu huning'inia, na pigo moja la pezi huvunja tawi lililokua kwa miaka. Tena huyo ndiye humaliza hewa mapema. Jipime ukiwa juu ya maji, mtungi umebakiwa na bar 50 (bar ni kipimo cha kanieneo): toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida na uizuie. Maji yakufike machoni, na ukitoa pumzi uzame taratibu. Ukijipima mtungi ukiwa umejaa, ongeza kilo 2 hivi, kwa kuwa hewa utakayoitumia nayo ina uzito. Mtungi wa alumini ukikaribia kuisha huanza kuelea, na aliyepunguza risasi kupita kiasi hushindwa kutulia mita 5 wakati wa kupanda. Rekebisha kilo moja moja.

Hewa ipigiwe hesabu nchi kavu. Mtungi wa lita 11 wenye bar 200 una lita 2,200 hivi. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji huvuta 60 akiwa mita 20, maana kanieneo hapo ni mara tatu. Ukitenga bar 50 za akiba unabakiwa na dakika 27, na hapo hujapambana na mkondo. Kabla ya kuruka, vuta pumzi nne ukitazama geji: mshale ukichezacheza, koki haijafunguka sawasawa.

Tazama mwezi pia. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hupita kwa kasi kwenye milango ya mwamba. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni nafuu zaidi. Saa nzuri ni maji yakishajaa na kutulia, kwani yakianza kupwa huja na tope kutoka ndani. Penye mkondo, kila mmoja awe na boya lake la kujaza hewa, na awe ameshajizoeza kulirusha: kamba ikinasa kwenye jaketi, boya litakupandisha nalo.

Mwenye mafua asizame. Dawa ya kuzibua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikakwama kichwani wakati wa kupanda.

Mwendo wa kupanda usizidi mita 9 kwa dakika, na mita 5 mtulie dakika 3. Tiketi ya ndege nayo ikatwe mapema kwa hesabu: baada ya kuzama mara kadhaa, subiri angalau saa 18.