Kibali cha kujenga ghorofa la makazi Dar es Salaam: anza na hati na udongo, ramani baadaye

Kibali chetu kilitoka baada ya miezi 19. Ni cha jengo la ghorofa 8, apatimenti 24, kwenye kiwanja alichotuachia marehemu baba. Tuko ndugu wanne, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzunguka na faili. Zaidi ya nusu ya miezi hiyo ilitupotea kwa sababu moja: tulianza na ramani.

Wengi huanzia hapo. Msanifu anakuletea picha ya rangi, jengo limesimama, taa zinawaka, miti imeota getini, na nyumbani watu wanaanza kuulizana nani atakaa ghorofa ya juu. Sisi tulilipa michoro kamili kabla hatujajua kama ardhi inaturuhusu. Tulikuja kuilipia mara ya pili.

Fungua hati miliki yako leo, usome ukurasa wa masharti mpaka ufike kwenye mstari wa matumizi. Mara nyingi umeandikwa kwa Kiingereza, unataja kundi na herufi tu, ndiyo maana watu wanaupita. Nenda nao kwa afisa mipango miji wa halmashauri yako, akueleze unaruhusu nini, na mchoro wa mipango miji wa eneo lenu unaruhusu ghorofa ngapi na jengo lichukue sehemu gani ya kiwanja. Afisa aliyetupokea alinyoosha kidole juu ya ule mstari akasema, "Kaka, hapa ni nyumba ya familia moja. Hayo maghorofa utayaweka wapi?" Ramani zetu zilikuwa mezani, zimeshagongwa mihuri yote ya wataalamu.

Kama matumizi hayalingani, unaomba kubadili matumizi ya ardhi. Unapeleka barua, nakala ya hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi isiyo na deni, na tangazo la gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hapo kwenye tangazo, tafadhali, soma kila tarakimu. Letu lilitoka na namba ya kiwanja iliyokosewa tarakimu moja. Hakuna aliyeona, hata mimi niliyelikata na kulibandika kwenye faili, mpaka siku maombi yalipofika mbele ya kamati. Yakarudishwa. Tukatangaza upya, tukasubiri upya, na kamati haikai kila wiki. Sasa hivi nikipewa karatasi yoyote yenye namba ya kiwanja, nasoma kwa sauti huku mwingine ameshika hati.

Halafu likaja kosa lililotuumiza kuliko yote. Barua ya kukubaliwa ilipotoka tulifurahi, tukadhani tumemaliza, tukapeleka maombi ya kibali cha ujenzi. Yakakwama, kwa sababu hati ilikuwa bado inasema nyumba ya familia moja. Barua ile ni ruhusa tu. Hati yenyewe inatakiwa irekebishwe na kusajiliwa upande wa ardhi, na huko kuna foleni yake na malipo yake. Hakuna dirisha lililotuambia hivyo mapema. Kwa hiyo ukipokea barua, siku hiyo hiyo uliza utaratibu wa kurekebisha hati, uanze nao.

Vishoka utawakuta nje ya ofisi, wanakuita "boss" na wanajua jina la kila afisa. Usiwape hata shilingi. Malipo halali yote yanakuja na namba ya kumbukumbu ya malipo. Asiyeweza kukupa namba hiyo anataka hela ya kwake.

Hati ikikaa sawa, pima udongo. Hili nalo tulilifanya mwisho, na ndilo lililofuta michoro yetu ya kwanza. Mhandisi aliweka mtambo akachimba mashimo matatu. Nilikuwepo. Mita ya kwanza mchanga mwekundu, mkavu, mzuri wa kutazama. Mita ya nne sampuli zikaanza kutoka nyeusi, laini kama ugali mbichi, zina harufu ya mtaro, na maji yakajaa shimoni tukiwa tumesimama pale pale. Mifuko ya nailoni ilipangwa chini kwa mstari, kila mmoja umeandikwa kina chake kwa kalamu ya wino mzito, na mtu asiyejua chochote cha uhandisi angeona mahali ardhi inapobadilika. Msingi uliokuwa kwenye ramani usingebeba ghorofa 8. Ilibidi uchorwe mwingine, wa nguzo zinazoshuka mpaka kwenye tabaka gumu, na bajeti ikapanda. Bora kujua hivyo kabla ya kuanza kumwaga zege.

Sasa ndipo mwite msanifu. Hakikisha amesajiliwa na AQRB (bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi), mhandisi wa miundo na ERB (bodi ya wahandisi), mkandarasi na CRB (bodi ya makandarasi) katika daraja linaloruhusu mradi wa ukubwa wako. Michoro ya usanifu na ya miundo iende pamoja na mahesabu ya mhandisi na ripoti ya udongo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanapitia michoro pia: ngazi za dharura, maji ya kuzimia moto, njia ya gari lao. Wape mapema, maana ngazi ikiongezwa inakula chumba kila ghorofa. NEMC, baraza la mazingira, nao wasajilie mradi mapema; wao ndio watakaokuambia unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira ya kiwango gani. Ukiwa karibu na njia ya ndege, ulizia TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kuhusu urefu wa jengo.

Maombi yenyewe ya kibali yanaingizwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Hiyo ndiyo hatua nyepesi kuliko zote, mradi kila kiambatisho kisomeke na jina lako liwe lile lile kwenye hati, kitambulisho na risiti. Sisi jina la baba lilikuwa kwenye risiti moja ya zamani; likatugharimu safari mbili za ziada.

Kibali kikitoka, angalia idadi ya ghorofa iliyoandikwa, na ubaki nayo. Mtu atakuja kukushauri uongeze mbili juu, kwamba nguzo zinatosha. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, likaua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo lingine likaanguka Kariakoo, watu wakiwa madukani. Mimi nilipita Kariakoo wiki ile, na toka siku hiyo yeyote anayeniambia "ongeza kidogo" namjibu hapana bila kumsikiliza hadi mwisho.

Kabla ya kuchimba, sajili eneo la ujenzi OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na usimamishe bango lenye majina ya wataalamu wote. Mkaguzi wa halmashauri aitwe aone msingi na nondo kabla hazijafunikwa. Usikubali fundi akuambie mmechelewa. Kila siku ya zege, vitengenezwe vipande vya mchemraba vya zege hiyo kwa majaribio, viandikwe tarehe, vipasuliwe maabara siku ya 7 na ya 28. Majibu yakae kwako, siyo kwa mkandarasi peke yake.

Na jirani. Nenda kwake kabla mtambo haujafika, piga picha kila ukuta wa nyumba yake, kila ufa, pamoja naye. Sisi tulikwenda kwa mama wa jirani jioni moja, tukapiga picha 61, yeye akituonyesha hata ufa uliojificha nyuma ya kabati la vyombo. Tukazichapisha, akasaini nyuma ya kila moja, sisi tukasaini, seti moja ikabaki kwake. Alituambia tangu ahamie mtaa ule mwaka 1984 hakuna aliyewahi kumwuliza nyumba yake ikoje kabla ya kuchimba.